Jenerali Tombeur wa Tabora na Wapagazi Wake

Katika Saint-Gilles, kando ya mji wa Bruxelles, kuna sanamu ya jenerali mmoja Mbelgiji. Ilisimamishwa mwaka wa 1951, miaka minne baada ya kufa kwake. Jina lake ni Charles Tombeur, na nyuma ya jina hilo limeungwa jina la mji wa Afrika: Tabora. Mji huo hauko Ubelgiji, wala hauko Kongo. Ni mji wa Unyamwezi, katika nchi ambayo leo inaitwa Tanzania. Je, kwa nini mtu aliyezaliwa Liège akaitwa kwa jina la mji wa Wanyamwezi? Jibu liko katika vita kubwa ya 1914 hata 1918, ambayo ilipita Kivu na pwani ya Tanganyika, nchi za babu zetu.

Nia yangu si kumsifu jenerali huyu kupita kiasi, wala kumtukana kaburini. Nataka tufanye hesabu pamoja. Yeye mwenyewe alihesabu kabla ya kwenda vitani, na katika hesabu yake wapagazi walikuwa jambo la kwanza. Lakini baada ya ushindi, heshima zilipogawanywa, wapagazi hawakuonekana tena. Kati ya hesabu ya kwanza na hesabu ya pili kuna deni. Nasi mapadri na waseminari tunalo fungu letu katika kulilipa.

I. MTU MWENYEWE

Charles Tombeur alizaliwa Liège tarehe 4 Mei 1867. Aliingia jeshi la Ubelgiji akiwa kijana, akapata cheo cha ofisa. Mwaka wa 1902 alikuja Kongo. Nyakati zile Kongo ilikuwa bado mali ya Leopold II, nayo ikaitwa Dola Huru. Mwaka wa 1908 Ubelgiji ikaichukua nchi kuwa koloni, na Tombeur akaendelea na kazi yake chini ya utawala mpya. Aliwahi pia kuwa ofisa katika nyumba ya Mfalme Albert, kisha akarudi Afrika. Vita ilipoanza ilimkuta Katanga, akiwa na amri juu ya askari wa upande ule.

Tuangalie vema, maana hapa tunaelewa mwendo wake wa baadaye. Hakuwa askari wa bunduki tu. Alikuwa pia mtu wa utawala, aliyejua njia za Kongo, mito yake na masultani wake. Alijua kodi zilikusanywaje, na watu walitafutwaje kijijini kwa kazi ya serikali. Jenerali mgeni angalitazama ramani na kuona njia fupi. Tombeur alitazama ramani ileile akaona mahali ambapo njia haipo.

II. JINSI VITA ILIVYOTUFIKIA

Tarehe 4 Agosti 1914 Wadachi, ndio Wajerumani, waliingia Ubelgiji kwa nguvu. Wakubwa wa Kongo walitumaini kwamba Afrika ingebaki nje ya ugomvi wa Ulaya, kwa kuwa mapatano ya Berlin ya 1885 yaliweka njia ya kuziacha nchi za bonde la Kongo katika amani. Tumaini hilo halikudumu. Tarehe 22 Agosti meli ya Kidachi, jina lake Hedwig von Wissmann, ilikuja Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie, ikapiga mizinga na kuiharibu meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Tarehe 24 Septemba Wadachi wakateka kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Hivi vita ikafika kwetu kwa njia ya maji.

Jeshi la Kongo, Force Publique, halikuwa tayari kwa vita ya namna ile. Lilikuwa limetawanyika nchi nzima katika vikosi vidogo, kazi yao kulinda amri ya serikali. Vikosi vingine vilitumwa kuwasaidia Wafaransa kule Kameruni. Vingine vikaenda kuwasaidia Waingereza katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ya Zambia ya leo, ambako mwaka wa 1915 askari wa Kongo walipigana huko Saisi. Ubelgiji yenyewe ilikuwa karibu yote mikononi mwa adui. Serikali yake ilikaa ugenini, Le Havre katika Ufaransa. Haikuweza kutuma watu wengi, na silaha zake zilikuja polepole.

Katika hali hiyo Tombeur aliwekwa mwaka wa 1915 kuwa mkubwa wa majeshi ya mashariki. Akangoja. Akakusanya vikosi, akafundisha askari kupigana pamoja kwa makundi makubwa, akapanga ghala za risasi na chakula. Wakati ule njia ya gari la moshi kutoka Kabalo hata Ziwa Tanganyika ilimalizika, nayo ikafaa sana. Kisha likaja jambo la ziwa lenyewe. Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kwa njia ya Afrika ya Kusini na Katanga, wakizikokota porini na milimani. Tarehe 26 Desemba 1915 wakaikamata meli ya Kidachi Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann, ile iliyopiga Lukuga. Ikabaki meli moja kubwa ya adui, Graf von Götzen. Sasa Tombeur aliweza kufikiri kwenda ng'ambo.

III. HESABU YA JENERALI

Katika Injili ya Luka Bwana wetu anasimulia habari ya mfalme anayetaka kwenda vitani. Kwanza anaketi na kufikiri kama, kwa watu elfu kumi, ataweza kumkabili adui mwenye elfu ishirini. Tombeur naye alikuwa na askari zaidi ya 10,000. Aliwagawanya katika sehemu mbili. Brigedi ya kaskazini, upande wa Ziwa Kivu, ilikuwa chini ya Kanali Molitor. Brigedi ya kusini, upande wa mto Ruzizi, ilikuwa chini ya Olsen, mtu wa Denmark aliyetumikia Kongo miaka mingi. Kwa idadi ya bunduki hakuwa na hofu kubwa, maana Wadachi wa Rwanda na Burundi walikuwa wachache. Hofu yake ilikuwa mizigo.

Tufuate sanduku moja la risasi lililotoka Ulaya. Linafika Matadi kwa meli ya bahari. Linapanda gari la moshi hata Léopoldville. Linaingia meli ya mto hata Stanleyville, yaani Kisangani. Gari la moshi tena hata Ponthierville, meli hata Kindu, gari la moshi hata Kongolo, meli hata Kabalo, gari la moshi hata ziwani. Kila mara linashushwa na kupakiwa tena kwa mikono ya watu. Nalo sanduku la kwenda Kivu, hata Rutshuru, lilipaswa kuacha mto na gari na kupita katika msitu mkubwa na milima. Huko hakukuwa na njia ya gari. Punda na ng'ombe wangekufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha mtu.

Basi tufanye hesabu ndogo. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25, naye anakula kilo moja kwa siku. Kama hapewi posho njiani, akila katika mzigo wake mwenyewe, siku ya 25 mzigo umekwisha wote tumboni mwake, na jeshi halikupata kitu. Na kama anapaswa pia kurudi kwao, basi baada ya siku 12 hivi za kwenda hana cha kukabidhi. Kwa hiyo lazima wawepo wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi. Ama sivyo chakula kitoke katika mashamba ya watu wanaokaa kando ya njia. Hakuna njia ya tatu. Kila ofisa aliijua hesabu hiyo, na jenerali aliijua kuliko wote.

Ushahidi ni mkutano wa Lutobo, katika Uganda, tarehe 6 Februari 1916. Tombeur alikutana huko na Sir Frederick Jackson, gavana wa Uganda. Wazungu hawa wawili hawakuzungumza hasa juu ya mizinga, bali juu ya watu wa kubeba. Waingereza waliahidi kutoa wapagazi 5,000 na magari ya ng'ombe 100 kwa ajili ya brigedi ya Molitor, kwa kuwa bila msaada huo brigedi haikuweza kutoka mahali pake. Ndugu wasomaji, tulikumbuke jambo hili. Sisi wa leo tunapotaja wapagazi, watu husema kwamba tunaleta huruma ya baadaye katika mambo ya vita. Sivyo. Jenerali mwenyewe ndiye aliyesema wa kwanza kwamba bila wapagazi hakuna vita.

IV. NJIA YA TABORA

Mwezi wa Aprili 1916 majeshi yakaanza kwenda. Wadachi wa Rwanda, wakiongozwa na Kapteni Wintgens, waliona kwamba watazungukwa, wakaanza kurudi nyuma. Tarehe 6 Mei Wabelgiji wakaingia Kigali. Muda si mrefu wakafika Nyanza, kwenye makao ya Mwami Musinga. Tarehe 6 Juni Olsen akaingia Usumbura, ndiyo Bujumbura, na tarehe 17 Juni Kitega. Tarehe 3 Julai, huko Kato, upande wa Ziwa Viktoria, palikuwa na mapigano makali, na mkubwa wa Wadachi, Kapteni Godovius, akakamatwa.

Kwenye Ziwa Tanganyika Wabelgiji walitumia chombo ambacho watu wa pwani hawajapata kukiona: ndege za kutua majini, ambazo ziliruka na kutupa bomu juu ya Kigoma. Mwisho wa Julai Wadachi wenyewe wakaizamisha meli yao Graf von Götzen, isije ikaanguka mikononi mwa adui. Baadaye ilipandishwa kutoka chini ya maji, na mwaka wa 1927 ikaanza kusafiri kwa jina la Liemba. Tarehe 28 Julai Kigoma ikatekwa, na siku chache baadaye Ujiji.

Kutoka Kigoma kuna njia ya gari la moshi inayokwenda hata Tabora na Dar es Salaam, ambayo Wadachi waliimaliza mwaka wa 1914. Mtu angefikiri kwamba sasa kazi ya wapagazi imekwisha. Lakini adui akirudi nyuma alivunja madaraja na kuondoa magari. Mizigo ikarudi vichwani mwa watu.

Tabora ilikuwa mji mkubwa wa bara, nao ulilindwa na Jenerali Wahle. Mzee huyu alikwisha kustaafu. Alikuja Afrika mwaka wa 1914 kumtembelea mwanawe tu, vita ikamzuilia huko. Olsen alikuja kwa njia ya magharibi, Molitor kwa kaskazini, na toka Mwanza alikuja Jenerali Crewe wa Waingereza, ambaye naye alitaka kuingia wa kwanza. Katika siku za 10 hata 14 Septemba askari wa Kongo walipigana vikali huko Lulanguru na Itaga, wakapata hasara kubwa. Wahle alipoona hawezi tena, aliondoka usiku kuelekea kusini. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora. Waliwakuta humo wafungwa wa Ulaya karibu 200, na kati yao wamisionari wa Kiingereza waliofungwa tangu mwanzo wa vita, wakawafungulia.

Haifai kuunyima ushindi huu sifa yake. Katika muda wa miezi mitano hivi majeshi ya Kongo yalikuwa yametoka Kivu na Ruzizi hata katikati ya Unyamwezi. Askari waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika, wakiongozwa na maofisa wachache wa Ulaya. Walionyesha ushujaa ambao maofisa wenyewe waliushuhudia. Naye jenerali alionyesha akili ya kupanga. Hakukimbilia mbele kabla ya wakati, na makundi yake mawili yaliyotengana kwa safari ndefu yalifika pamoja mahali pamoja.

V. WALE WALIOBEBA

Sasa tuwageukie wengine. Katika vita hiyo ya Afrika ya mashariki, Wabelgiji walichukua wapagazi zaidi ya laki mbili, wengine kwa muda mfupi, wengine kwa miezi mingi. Mbele ya askari elfu kumi na zaidi, hesabu hiyo inashangaza. Kwa kila mtu mwenye bunduki walikuwepo watu wengi wenye mzigo. Waliokufa walikuwa maelfu mengi, kupita hesabu ya askari waliouawa kwa risasi.

Walipatikanaje? Mzungu wa serikali alimwambia sultani idadi anayoitaka, sultani akawaambia wakubwa wa vijiji, na hawa wakawatafuta vijana. Wengine walitoka kwa matumaini ya mshahara. Wengi walitoka kwa sababu hawakuwa na njia ya kukataa. Kwa desturi ya mambo kama hayo, aliyetolewa kwanza ni yule ambaye hakuwa na ndugu mwenye nguvu wa kumtetea: yatima, mgeni, mtu wa ukoo mdogo.

Walikufaje? Wachache kwa risasi. Wengi kwa kuhara damu, kwa homa ya mapafu na kwa uchovu. Mtu aliyezaliwa katika joto la msitu alipandishwa kwenye milima ya Kivu na Rwanda, akalala nje kwenye mvua na baridi na nguo moja. Mtu aliyezoea mihogo na ndizi alipewa maharagwe makavu au nafaka, bila chungu kizuri na bila muda wa kupika mpaka viive. Tumbo likaharibika. Waganga walikuwa wachache, na waliwatazama askari kwanza. Mpagazi aliyeanguka njiani alipokonywa mzigo wake ukapewa mwingine, naye akaachwa kando. Mzigo ulikuwa na namba, na namba iliandikwa. Mtu mara nyingi hakuandikwa.

Hatuwezi kuwasahau pia wale waliobaki nyumbani. Mahali ambapo wanaume wametolewa, nani atafyeka shamba jipya? Wanawake wakabaki na jembe na watoto. Na mahali ambapo majeshi mawili yamepita, lile linalokimbia na lile linalofukuza, ghala za watu zikaliwa mara mbili. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, nchi ambayo ilikuwa mpaka wa vita tangu 1914, ilikuja njaa kali ambayo Wanyarwanda wanaiita Rumanura. Watu wakafa wengi, wengine wakakimbia kutafuta chakula ugenini. Ukame ulikuwemo, lakini vita iliufungulia mlango.

VI. HAKI NA DENI

Mseminari aliyefika katika mafundisho ya maadili anajua kwamba Mtakatifu Tomaso wa Akwino anataka mambo matatu ili vita iwe ya haki: iamriwe na mwenye mamlaka, iwe na sababu ya haki, na nia iwe njema. Tupime vita ya Tombeur kwa kipimo hicho.

Mamlaka ilikuwepo kadiri ya sheria za wakati ule. Sababu pia ilikuwepo: Ubelgiji ilivamiwa pasipo kosa, na Lukuga na Idjwi zilishambuliwa kwanza. Juu ya nia, mambo yanachanganyika. Wakubwa wa Ubelgiji walitaka kuulinda mpaka wa Kongo, lakini walitaka pia kushika nchi mkononi, ili siku ya amani wawe na kitu cha kubadilishana. Rwanda na Burundi, ambazo hazikuulizwa neno lolote, zikawekwa chini ya Ubelgiji baada ya vita. Tabora yenyewe, iliyonunuliwa kwa damu ya Wakongo, ilikabidhiwa kwa Waingereza mwezi wa Februari 1917. Hivi mji ambao jenerali alichukua jina lake ulikaa mikononi mwa Wabelgiji miezi mitano tu.

Lakini kuna swali jingine ambalo linatugusa zaidi. Raia anaweza kuombwa ajitoe kwa ajili ya nchi yake, na hilo Kanisa halikatai. Lakini mtu wa Maniema au wa Kivu wa mwaka wa 1916, je, alikuwa raia wa nani? Hakuwa na sauti katika serikali iliyomwita. Sheria ya koloni ya mwaka wa 1908 ilikataza mtu kushurutishwa kufanya kazi kwa faida ya watu binafsi au ya makampuni. Serikali yenyewe haikujifunga kwa neno hilo. Hapo ndipo mlango ulipobaki wazi, na kwa mlango huo watu zaidi ya laki mbili wakatoka. Aliyebebeshwa fungu la raia bila kupewa haki ya raia, anadai. Hata kama vita ilikuwa ya haki, deni hilo ni halali.

Je, tumhukumu Tombeur peke yake? Singethubutu. Alikuwa mtu wa wakati wake, na vita haikutoka moyoni mwake. Hata hivyo akili ikizidi, wajibu nao unazidi. Aliyejua kwamba mzigo ndio roho ya vita, alipaswa kujua pia kwamba chini ya mzigo kuna mtu. Blanketi moja na siku ya kupumzika vingeokoa wengi, tena vingelifaa jeshi lenyewe. Kosa hili si lake tu. Jeshi la Waingereza na jeshi la Wadachi walifanya vivyo hivyo, na wapagazi wao nao walikufa kwa maelfu yasiyo na kaburi.

Baada ya Tabora, Tombeur hakuendelea kuongoza vita. Safari ya Mahenge ya mwaka wa 1917 iliongozwa na Kanali Huyghé. Tombeur akapewa utawala wa jimbo la Katanga hata mwaka wa 1920, kisha akarudi Ubelgiji. Mfalme akampa cheo cha baroni, na jina la Tabora likaungwa na jina lake. Akafa Bruxelles tarehe 2 Desemba 1947, akiwa na miaka themanini.

Tukitazama miaka ileile kwa macho ya imani, tunaona jambo jingine lililotendeka karibu na ziwa. Tarehe 21 Julai 1917, miezi kumi baada ya Tabora, huko Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba, Monsinyori Roelens alimpa Stefano Kaoze daraja ya upadri. Ndiye padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu. Miaka ile majeshi yalipokuwa yakivuka ziwa, yeye alikuwa katika seminari akijifunza teolojia. Kwa njia moja watu wa nchi hii waliitwa ili wabebe na kusahauliwa. Kwa njia nyingine mmoja wao aliitwa kwa jina lake, askofu akaliita mbele ya altare, naye akaitika kwamba yupo. Sisi tumetoka katika mwito huo wa pili. Kwa sababu hiyo haifai tuwasahau walioitwa kwa ule wa kwanza.

Tufanye nini basi? Kwanza, waseminari wakienda likizo wawaulize wazee. Walioona vita ile wamekwisha kufa wote, lakini katika jamaa nyingi bado lipo jina la babu aliyekwenda na mzigo asirudi. Mkilisikia jina, liandikeni, pamoja na kijiji na ukoo. Pili, katika mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, tuwataje wapagazi wa vita, maana wengi walikufa bila batisimu, bila mazishi, bila mtu wa kuwalilia. Huruma ya Mungu haikosi njia, lakini sala yetu inadaiwa. Tatu, sisi ambao siku moja tutakuwa na amri juu ya wengine, katika parokia, katika shule au katika jimbo, tujizoeze tangu sasa kuuliza juu ya kila kazi kubwa: nani ataibeba, naye amekula?

Katika Njia ya Msalaba tunapofika kituo cha tano tunapiga magoti kumkumbuka Simoni wa Sirene. Huyu naye alikuwa mpagazi wa kushurutishwa. Alikuwa anapita tu akitoka shambani, askari wakamkamata, wakamtwika mzigo ambao si wake. Alitoka Afrika pia. Walioamuru hawakumwuliza jina. Lakini Marko Mwinjili aliliuliza, akaliandika, tena akaandika majina ya wanawe wawili, Aleksanda na Rufo. Hivi kwa miaka karibu elfu mbili Kanisa linamjua mpagazi yule, baba wa nani, mtu wa wapi.

Jenerali wa Tabora amepata sanamu yake. Wapagazi wake wanangoja Marko wao.